Kumgeuza rubani wa plastiki: kutoka ndege ya vita hadi Cessna ya uwanja wa Tanga

Modeli nyingi za ndege ndogo za kiraia huja na viti vitupu. Marubani wa plastiki wamejaa kwenye maboksi ya ndege za vita, na wamevalia vita kweli: kofia ya ngozi, barakoa ya oksijeni usoni, jaketi okozi kifuani, mikanda ya parachuti mabegani, mkono wa kulia umekamata fimbo katikati ya mapaja. Mtu huyo ukimkalisha kama alivyo ndani ya Cessna 172 iliyoegeshwa uwanja wa ndege wa Tanga, mchana wa kaskazi, modeli nzima inapoteza ukweli wake hata kama mabawa umeyapaka kwa ustadi. Jicho la mtazamaji humtafuta mtu kwanza, ndege baadaye.

Hapa tutamgeuza awe rubani wa kwetu: shati jeupe la mikono mifupi, hedseti masikioni, anapitia orodha ya ukaguzi kabla ya kuwasha injini. Natumia skeli ya 1/48, yaani kila kitu ni kidogo mara 48 kuliko halisi. Mtu wa sentimita 175 katika skeli hiyo ana urefu wa milimita 36 na nusu. Katika 1/72 anashuka hadi milimita 24, na uso wake unakuwa mdogo mno kwa anayeanza. Katika 1/32 anafika karibu milimita 55. Ni raha kumchonga, lakini ndege yenyewe inataka meza nzima. Ndege zinazotuunganisha na Unguja, Pemba na Dar es Salaam ni kubwa kuliko 172, nyingi zikiwa Cessna Caravan. Hata hivyo mpangilio wa rubani ni ule ule, kwa hiyo utakachojifunza hapa kitakufaa huko pia.

Amua kwanza anafanya nini

Usiguse wembe kabla ya kujibu swali hili. Sanamu yenye mikono iliyochongwa vizuri lakini isiyo na kazi inabaki sanamu tu. Ndege yenyewe inakwambia rubani anapaswa kufanya nini: propela imesimama au inazunguka? Mlango uko wazi? Kama propela imesimama na rubani anakaza macho mbele huku ameshika usukani kwa mikono miwili, hakuna anachokifanya.

Sasa angalia tofauti ya vyumba. Katika ndege ya vita kama Spitfire, mkono wa kulia hushika fimbo na wa kushoto hushika throto, yaani kidhibiti cha nguvu ya injini, iliyo ukutani upande wa kushoto. Katika Cessna 172, rubani hukaa kiti cha kushoto, mbele yake pana usukani badala ya fimbo, na throto ni kishikio cheusi cha kusukuma na kuvuta kilicho chini katikati ya dashibodi. Pembeni yake kuna kishikio chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa. Angani, mkono wa kushoto unashika usukani na wa kulia unalinda throto. Mikono imebadilishana kazi! Ndiyo maana kubadilisha nguo peke yake hakutoshi. Lazima tukate mabega.

Kisa chetu ni hiki. Ndege imeegeshwa, propela imesimama, mlango wa kushoto uko wazi. Mkono wa kushoto umeshika orodha ya ukaguzi juu ya paja. Wa kulia uko kwenye throto. Kichwa kimeinama kidogo kuelekea kwenye karatasi. Miguu yote miwili iko kwenye pedeli, nyayo zimekandamiza sehemu ya juu, kwa sababu breki za ndege hii ziko kwenye ncha za pedeli. Andika haya kwenye karatasi, kisha jikalishe kwenye kiti cha kawaida mbele ya kioo ufanye vile vile. Tazama bega la kulia linavyosogea mbele na la kushoto linavyoshuka. Mwili wako ndio mchoro wako.

Vifaa, na pa kuvipata mjini

Duka la modeli hatuna, lakini vitu vingi vipo mtaani Ngamiani, hapa Tanga, ukijua nani wa kumuuliza. Fundi simu ana waya wa jampa, waya wa shaba mwembamba sana anaotumia kuunganisha njia zilizokatika kwenye bodi. Wa unene wa milimita 0.1 unatosha kabisa kuwa waya wa hedseti, kwani ukiuzidisha mara 48 unapata takribani nusu sentimita. Duka la vipodozi lina brashi za kuchorea kucha. Zile nyembamba za mistari ni bora kuliko brashi ndogo nyingi za wachoraji, na tupa za kucha zinafanya kazi ya msasa. Duka la dawa lina sindano za kutilia gundi tone moja moja. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi utapata msasa wa maji, namba 400 hadi 1000, na puti ya epoksi ya sehemu mbili inayouzwa kwa kuziba mabomba. Puti ya gari ya mafundi gereji usiitumie kwa kazi hii. Ni ngumu kuchonga ikiwa ndogo namna hii, na harufu yake ndani ya chumba ni kali.

Nyuzi za mkonge ndizo zitakazokujia akilini, kwa kuwa uko Tanga. Ziache. Hata uzichane vipi, zinabaki nene kwa kazi ya 1/48, na manyoya yake hayalali.

Kwa plastiki ya ziada, tafuta kikombe cha mtindi au kijiko cha kutupa chenye alama ya pembetatu na namba 6. Hiyo ni polistirini, plastiki ile ile ya modeli, hivyo inashikana kwa gundi ya modeli. Yenye namba 5 haitashika.

Ongeza wembe mpya, kibano, sindano ya kushonea uliyoichomeka kwenye kijiti, gundi ya modeli ya majimaji, supaglu na gundi nyeupe ya mbao. Supaglu hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi: inashika papo hapo, na kichupa kilichofunguliwa huganda mapema. Nunua vichupa vidogo, uvitunze ndani ya chupa iliyofungwa pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu.

Pima

Kibanda cha Cessna 172 kina upana wa takribani mita moja, yaani milimita 21 katika 1/48. Mabega ya mtu mzima, sentimita 45, ni milimita 9.4. Sanamu ya vita yenye jaketi na mikanda huwa pana zaidi ya hapo, na ukitaka kumweka abiria pembeni yake hawataenea. Kwa hiyo lengo la kukwangua nguo ni la kipimo pia, si la mwonekano peke yake.

Kagua makalio. Marubani wengi wa Uingereza wa Vita ya Pili ya Dunia waliketi juu ya parachuti iliyokunjwa, na sanamu zao zina donge chini ya mapaja. Lisipoondolewa, kichwa kitagusa dari. Pima pia kichwa: sentimita 23 kutoka kidevu hadi utosi zinakuwa milimita 4.8. Vichwa vya sanamu vilivyovalishwa kofia ya ngozi mara nyingi vimepita hapo.

Kuvua nguo za vita

Osha sanamu kwa sabuni ya vyombo ili mafuta ya kalibu yatoke. Iache kwenye fremu yake, vile vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande ndani ya boksi, kwa sasa, upate pa kushika.

Anza na mshono wa kalibu, ule mstari unaopita ubavuni. Shika wembe wima na uukwangue, usiukate. Kwa mwendo huo huo ondoa mikanda ya parachuti, kisha jaketi okozi, ukipunguza kidogo kidogo hadi kifua kiwe na umbo la mtu aliyevaa shati. Acha kola. Kola iliyochongwa na kiwanda ni vigumu kuipata tena kwa mkono. Donge la parachuti likate kwa msumeno mwembamba, halafu usawazishe makalio kwa msasa uliolowana. Maji yanazuia vumbi lisipande puani. Vumbi la plastiki na la puti si la kuvuta.

Usimalize kulainisha. Puti inahitaji uso wenye mikwaruzo ili ishike.

Kukata na kukunja

Kata penye viungo tu: shingoni, begani, kwenye kiwiko, gotini, kwenye kifundo cha mkono. Mkono uliokatwa katikati ya mfupa na kupindwa unaonekana umevunjika, na hakuna rangi itakayouficha.

Magoti kwanza. Miguu ya rubani wa vita huwa imenyooshwa mbele, kwani viti vyao viko chini. Kiti cha Cessna kiko kama cha nyumbani, na goti linakunjwa karibu pembe mraba. Chonga kipande chenye umbo la V nyuma ya goti, usikate hadi upande wa pili. Tia tone la gundi ya modeli kwenye pengo, subiri sekunde chache plastiki ilainike, kisha kunja taratibu na ushikilie. Ngozi ya mbele ya goti ikitanuka na kufanya ufa, utaujaza kwa puti.

Kiwiko cha kulia hufanywa vile vile. Mabega yanahitaji kukatwa kabisa. Toboa shimo dogo begani na jingine kwenye mkono, ukizungusha kekee nyembamba kwa vidole, uingize kipande cha waya wa shaba wa nusu milimita kama mfupa. Waya huu una faida kubwa: unaweza kuupinda huku na huku ukimjaribu rubani kitini kabla ya kugandisha chochote. Mjaribishe mara nyingi. Kiwiko kikiwa kimeshuka kifike usawa wa kiuno. Mkono wa kulia ufike kwenye throto bila mgongo kuacha kiti, na ukishindwa kufika, sogeza bega mbele badala ya kurefusha mkono.

Mkono ukitulia, tia supaglu kidogo, halafu jaza pengo kwa puti.

Vitanga

Hapa nakuomba usiwe na haraka. Kiganja cha mtu, kutoka kifundo hadi ncha ya kidole cha kati, ni kama sentimita 19, yaani milimita 4 tu kwenye modeli, na ndicho kinachosimulia kazi anayoifanya.

Mkono wa kulia wa sanamu ya vita umekunjwa ngumi kuzunguka fimbo. Kwa throto tunautaka ufunguke kiasi, kiganja kikiwa nyuma ya kishikio na kidole gumba kikielekea juu. Kata ngumi kwenye kifundo, izungushe hadi gumba liwe juu, kisha chonga sehemu ya ndani ili kishikio kiingie. Ngumi hii inaweza kutosha bila kutengeneza vidole upya.

Mkono wa kushoto unahitaji vidole. Yeyusha kipande cha fremu juu ya mshumaa, kikilainika kivute polepole kwa mikono miwili, na utapata uzi wa plastiki. Chagua sehemu yenye unene wa milimita 0.4. Kata vipande vinne, viunganishe sambamba kwa gundi ya modeli, na vikikauka kata ncha kwa mshazari ili kidole cha kati kiwe kirefu kuliko vingine. Kiganja chenyewe ni kipande cha kikombe cha mtindi. Gumba huongezwa mwisho. Orodha ya ukaguzi ni karatasi nyembamba ya milimita 3 kwa 4.5 hivi, na gumba linalala juu yake.

Uso

Barakoa ya oksijeni ikiondolewa, nusu ya chini ya uso huondoka nayo. Kama una sanamu nyingine za 1/48, chukua kichwa chenye uso wazi, uokoe saa nyingi. Kama huna, ikate barakoa kwa mshazari kuanzia chini ya macho hadi shingoni, uweke tone la puti na ulijenge taya.

Lowanisha sindano kwa maji ili puti isigande nayo, na vaa glavu, maana epoksi mbichi inaweza kuwasha ngozi. Macho yako katikati ya urefu wa kichwa. Wanaoanza karibu wote huyaweka juu mno. Masikio yanaanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua. Usinakili pua nyembamba ya sanamu iliyotoka kiwandani kama unachonga mtu wa kwetu. Ipe upana, ipe midomo unene, na tazama nyuso za watu unaowafahamu. Puti ya epoksi ikiwa kwenye joto letu huanza kukaza mapema kuliko maelezo ya boksi, hivyo changanya kidogo, ukubwa wa punje ya mchele, fanya pua na midomo, ikauke, ndipo uchanganye ya kidevu.

Kofia ya ngozi ichonge hadi iwe nywele fupi. Madoa madogo ya sindano kwenye puti mbichi yanatosha kuonyesha nywele zilizonyolewa karibu.

Vikombe vya hedseti ni vipande viwili vya plastiki vya milimita 2 kwa 1.6, vimezungushwa pembe. Upinde wa juu ni ukanda wa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kijiti cha maikrofoni ni waya wa jampa, unatoka kikombe cha kushoto hadi karibu na pembe ya mdomo, na tone la gundi nyeupe kwenye ncha yake linakuwa maikrofoni. Waya wa kuunganishia uteremke hadi kwenye dashibodi, ukining'inia. Usiunyooshe.

Shati

Sambaza puti hadi iwe kama karatasi, ukitumia unga wa mtoto isigande mezani, ukate kanda mbili na uzizungushe juu ya mikono hadi katikati kati ya bega na kiwiko. Ukingo wa chini uachie nafasi kidogo usishikamane na mkono, kivuli kiingie. Mikunjo ya shati hutoka kwapani na kusambaa kifuani, na mtu aliyeketi huwa na mikunjo miwili au mitatu tumboni juu ya mkanda. Zaidi ya hiyo ni fujo. Cheo cha mabegani ni vipande vya milimita 1 kwa 2 na kidogo.

Rangi

Paka praima (rangi ya msingi) ya kijivu kwanza, uone mashimo na nyufa. Zitakuwepo. Jaza, piga msasa, paka tena.

Ngozi inastahili uangalifu wako wote, maana maelekezo mengi ya maboksi yanajua rangi moja tu ya ngozi, ile ya waridi. Anza na kahawia iliyokolea sehemu tatu na nyekundu ya matofali sehemu moja. Ukitaka maji ya kunde, ongeza manjano ya udongo. Kwa vivuli ongeza buluu nzito kidogo sana kwenye mchanganyiko ule ule. Nyeusi inaua uhai wa ngozi. Kwa sehemu zinazopata mwanga, yaani paji la uso, mgongo wa pua, mashavu na vifundo vya vidole, ongeza manjano ya udongo na chembe ya rangi ya chungwa. Nyeupe usiiguse. Ukiangaza ngozi nyeusi kwa nyeupe inapauka kama mtu aliyetoka kuoga asijipake mafuta. Viganja kwa ndani viwe vyepesi zaidi, kahawia yenye waridi, na midomo iingie zambarau kidogo. Macho yake yanatazama chini, hivyo mstari mwembamba wa kahawia nzito chini ya kila kope unatosha.

Mwisho wa yote, ngozi ipate vanishi ya mng'ao wa wastani na nguo ipate isiyong'aa. Tofauti hiyo peke yake humtenganisha mtu na shati lake, na katika joto la pwani ngozi huwa na mng'ao kweli.

Shati jeupe lipakwe kijivu chepesi chenye buluu kwanza, kisha nyeupe iliyopoozwa kidogo kwenye matuta ya mikunjo. Suruali ni buluu nzito au nyeusi iliyochanganywa na kijivu. Kwenye mabega ya rubani mkuu kuna mistari minne ya dhahabu. Usijaribu kuichora minne. Paka kipande chote dhahabu, halafu chora mistari mitatu myembamba myeusi juu yake. Kwa hedseti, kijani kilichopauka kitawakumbusha wengi zile za David Clark, kampuni ya hedseti za marubani.

Msimu una neno lake. Kaskazi ikipiga na feni ikizunguka, rangi ya akriliki hukauka kwenye brashi kabla haijafika usoni; geuza feni, na weka rangi juu ya karatasi ya kuokea iliyolazwa kwenye tishu iliyolowana. Wakati wa masika usipulize vanishi jioni mvua ikinyesha, kwani unyevu huiacha na ukungu mweupe. Ngoja mchana uliokauka.

Kumkalisha

Mwingize rubani kabla hujafunga paa. Tone la gundi nyeupe ya mbao chini ya makalio na jingine mgongoni yanatosha. Supaglu isiingie humu tena, kwa sababu mvuke wake huacha utando mweupe kwenye madirisha, na utando huo hautoki kwa kufuta.

Mkanda wa kiti ni karatasi ya fedha iliyopakwa rangi, upana wa milimita 1, ukipita juu ya mapaja na mwingine begani kutoka upande wa dirisha. Ukunje uufuate mwili kabla ya kuugandisha. Kisha sukuma mkono wa kulia hadi kiganja kikumbatie kishikio cha throto, tia gundi nyeupe kwa ncha ya sindano, na ukague nyayo kama zimegusa pedeli.

Acha kibanda wazi usiku kucha mvuke wa rangi na gundi utoke. Kesho yake futa madirisha kwa ndani kwa kitambaa kisicho na manyoya, funga paa, na gandisha mlango wa kushoto ukiwa umefunguka kiasi ambacho mtazamaji ataiona ile karatasi juu ya paja.